Mwongozo kamili wa kulima manjano chini ya mwembe wako, hapa hapa Dar

Ukipita Chanika, Goba, Kigamboni, Bunju, Msongola huko, karibu kila nyumba yenye kiwanja cha maana ina mwembe au minazi miwili mitatu, na chini yake hamna kitu, pamefagiliwa tu, mana mchicha ukipanda pale unarefuka ukitafuta jua afu unalala, nyanya ndo kabisa haitoi. Watu wanasema pale pana kivuli, pamekufa. Mimi nasema hapo ndo pa kupanda manjano, mana huu mmea kivuli ndo kwao, ni ukoo mmoja na tangawizi, iliki na kulinjani, wote wamezoea kukaa chini ya miti mikubwa, na ukishaupanda unaweza kukaa nao miaka, kiangazi majani yanakauka yanapotea ukadhani umekufa kumbe chini matunguu, ile sehemu nene ya ardhini tunayokula, yapo yamelala yanasubiri mvua.

Nitaenda hatua kwa hatua ila sehemu nyingine nitakaa sana na nyingine nitapita haraka, inategemea wapi watu wanaharibikiwa. Na wengi wanaharibikiwa kwenye mambo mawili tu, kivuli kikizidi na maji yakisimama.

Kwanza kivuli, kivuli cha namna gani

Kivuli kinachotakiwa ni chepesi. Nenda pale chini ya mti saa sita mchana jua likiwa kichwani, angalia chini. Kama unaona madoa madoa ya mwanga yanacheza kwenye mchanga, pako sawa. Kama ni giza moja lililokolea, hata majani makavu hayana mwanga juu yake, hapo manjano yatatoa majani marefu membamba na chini utakuta vidole vya tunguu vyembamba vya kukatisha tamaa. Unachotafuta ni jua la asubuhi masaa matatu manne hivi, afu mchana kivuli cha nusu. Jua la Dar la mchana moja kwa moja bila kivuli chochote, Januari na Februari hasa, linakunja majani na kuyachoma pembeni, ukiwa na maji mengi utapona ila unauzidishia mmea kazi bila sababu.

Minazi ndo miti mizuri kuliko yote kwa kazi hii, inapitisha mwanga na mizizi yake haigombani sana ukikaa mita mbili kutoka shinani, wenzetu wa Kerala kule India wanapanda manjano katikati ya minazi siku zote. Ila ukipanda chini ya minazi angalia nazi na makuti, usiweke tuta pale yanapodondokea. Migomba na mipapai ni mizuri pia. Mwembe unafaa ila lazima uupogoe, toa matawi ya chini na punguza ya katikati mwanga upite, na panda kuanzia nusu ya mwamvuli wa mti kwenda nje, sio kwenye shina. Mkorosho mzito mno, na mkaratusi achana nao kabisa, ule unanyonya maji yote. Kama huna mti, neti ya kivuli ile ya asilimia 30 mpaka 50 juu ya fito nne inatosha, au ukuta wa fensi unaozuia jua la alasiri.

Usipande karibu na shimo la choo, wala palipowahi kuwa gereji au fundi betri, wala mabondeni kwenye maji machafu. Udongo wa bonde la Msimbazi umeshapimwa mara kadhaa na kukutwa na metali nzito, na hiki ni kitu unachokwenda kula na kumpa mtoto maziwani, kwaiyo hapa usijipe moyo kwamba haina shida.

Pili, udongo na maji

Hapa nakaa kidogo. Tunguu la manjano likikaa kwenye maji yaliyosimama linaoza, hamna dawa ya kulirudisha. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, mwagia ndoo ya maji yaishe, jaza tena, afu hesabu muda. Yakiisha ndani ya saa moja au mawili basi poa. Kama baada ya masaa manne bado unaona maji, udongo wako ni mfinyanzi, hapo usipande kwenye usawa wa ardhi, inua tuta.

Tuta liwe upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kukanyaga, urefu wowote, na kimo cha sentimita 25 mpaka 30. Kwenye kichanga chetu cha pwani kimo cha sentimita 15 kinatosha mana maji yanapita yenyewe, shida ya kichanga ni kinyume, hakishiki maji wala chakula, kwaiyo kazi yako inakuwa kukilisha. Weka samadi ya ng'ombe iliyooza nusu ndoo mpaka ndoo nzima ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, changanya na udongo wa juu mpaka kina cha koleo. Mbolea ya kuku Dar imejaa, wafugaji wa broila wanatafuta pa kuitupa, ila ile ni kali na ina maranda, irundike pembeni, iloweshe, igeuze, ikae miezi miwili mitatu mpaka isitoe tena joto wala harufu ya kuchoma pua, afu tumia robo ndoo tu kwa mita ya mraba. Watu wanaweka mbichi, inaunguza macho ya mbegu, wanalaumu mbegu.

Unapochimba ukikutana na mizizi minene ya mwembe usiikate, zunguka nayo, au usichimbe kabisa, leta udongo mwingine uuweke juu kama tuta.

Wa kupanga chumba na kauwanja kadogo, tumia viroba au madumu yaliyokatwa. Kiroba cha kilo 50 kunjia mpaka kibaki kimo cha sentimita 35, kitoboe chini matundu mengi, changanya udongo mafungu mawili, samadi iliyooza fungu moja, pumba za mpunga au mchanga fungu moja. Kiroba kama hicho panda mashina mawili, matatu mwisho. Usikiweke moja kwa moja juu ya sakafu, weka juu ya matofali maji yatoke.

Tatu, lini

Wengi wanapanda Machi masika yakikaribia, na inakubali, ila mimi napenda vuli, Oktoba mwishoni au Novemba mvua zikianza. Sababu ni hii, manjano yanakaa ardhini miezi saba mpaka kumi, ukipanda vuli unamwagilia joto la Januari na Februari wakati mmea bado mdogo na hautaki maji mengi, masika yakija Machi mpaka Mei yanaukuta mkubwa uko kwenye kunenepesha vidole, afu unavuna Julai au Agosti mvua hamna na kukausha ni rahisi. Ukipanda Machi, miezi ya kunenepesha inaangukia Julai mpaka Septemba pakavu, bomba ndo litakalolea shamba, na mavuno ya Disemba yanaweza kukutana na mvua wakati unaanika. Kama maji unayo ya uhakika, Machi haina ubaya.

Nne, mbegu

Manjano hayana mbegu za kupanda. Yanatoa ua zuri jeupe lenye kijani katikati ya majani ila halizai mbegu ya kuota, kwaiyo unapanda kipande cha tunguu lenyewe. Nenda Kariakoo, Mabibo au soko lolote la karibu, tafuta manjano mabichi, yawe yametoka Uluguru kule Matombo na Kinole, au Muheza, au Unguja, popote, ila yawe mabichi. Yale makavu magumu ya dukani yameshachemshwa, hata ukiyabembeleza mwaka mzima hayaoti.

Mwulize mama muuzaji yamefika lini, chagua manene, magumu ukibonyeza, ngozi haijasinyaa, na uone vimacho vinavyochomoza kwenye pingili. Lenye doa laini, ukungu, au harufu ya kuoza rudisha hata kama amekupunguzia bei, mana ugonjwa wa kuoza unaingia shambani kwa njia hiyo hiyo, kwenye mbegu. Kuna yale mabonge ya katikati, mama, na vidole vinavyotoka pembeni, yote yanaota, mama linatoa chipukizi lenye nguvu zaidi.

Kata kipande cha gramu 30 mpaka 50 chenye macho mawili angalau, kisu kisafi. Mita moja ya mraba inachukua mashina kama 13, kwaiyo nusu kilo na kitu kwa kila mita. Paka majivu pale ulipokata, acha kivulini siku mbili jeraha likauke.

Afu usipeleke shambani moja kwa moja. Chukua beseni au kreti, weka mchanga wenye unyevu, sio wa kuchuruzika, panga vipande, vifunike mchanga kidogo, weka kivulini, nyunyizia ukianza kukauka. Wiki mbili mpaka nne macho yanavimba na kutoa ncha. Faida ya hii hatua ni kwamba kinachooza kinaozea kwenye beseni sio shambani, na kwenye tuta unapanda vilivyo hai tu, hakuna mapengo. Watu wanairuka kwa haraka afu wanakaa mwezi mzima wanafukua fukua kuangalia kama vimeota.

Tano, kupanda na kufunika

Mistari sentimita 30, shina kwa shina sentimita 25. Shimo la kina cha kidole cha kati, sentimita 5 mpaka 7, jicho liangalie juu, rudishia udongo bila kushindilia. Siku hiyo hiyo funika tuta na matandazo, majani makavu ya mwembe, nyasi, makuti yaliyokatwa katwa, unene wa kiganja. Yale majani unayofagia kila asubuhi na kuyachoma moto jirani anakohoa, ndo chakula cha hili shamba, yanazuia magugu, yanatunza unyevu, yanaoza yanakuwa udongo. Yakipungua ongeza, usingoje.

Na kabla hujalala siku hiyo zungushia wavu. Kuku wa Dar hawana mipaka, na tuta lenye matandazo mapya kwao ni sherehe, watachakura mpaka wafike kwenye mbegu. Wavu wa kimo cha goti wenye fito unatosha kwa vifaranga na majike wazito, ila kama jirani ana kuku wa kienyeji wanaoruka weka matawi ya miiba juu ya matandazo mpaka majani yatoke.

Maji na chakula

Mwezi wa kwanza unyevu tu, usiloweshe, mana bado hamna majani ya kuyatumia hayo maji. Yakishatoka majani matatu manne mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki kama mvua hamna, kichanga kinataka mara nyingi kidogo kidogo, mfinyanzi mara chache. Ingiza kidole chini ya matandazo, pakiwa na ubaridi na unyevu mpaka kifundo cha pili, acha.

Angalia maji ya kisima. Visima vingi vya kuchimba hapa mjini vina chumvi, na manjano hayaipendi, ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia na mmea unadumaa hata ukiulisha vipi. Yaonje. Ukisikia chumvi ulimini tumia ya bomba au ya mvua, ndo mana hata mimea ishirini inastahili pipa la kukinga maji ya bati.

Baada ya miezi miwili kila shina lipe konzi mbili tatu za samadi iliyooza, afu vuta udongo wa pembeni uupandishie kwenye shina. Rudia mwezi wa nne toka ulipopanda. Hii kupandishia sio urembo, vidole vinapanuka kwenda pembeni na juu, vikitokeza juani vinageuka kijani. Majivu ya mkaa au kuni konzi moja kwa mita ya mraba mwezi wa nne yanasaidia kunenepesha, usizidishe. Mbolea ya dukani kama NPK sio lazima, ukitumia basi kijiko cha chai kwa shina, mbali na shina upana wa kiganja, na urea achana nayo baada ya mwezi wa nne, utavuna majani.

Magugu ng'oa kwa mkono, jembe usilitumie katikati ya mashina.

Magonjwa

Kuoza ndo adui mkubwa. Majani yanaanza kuwa ya njano kuanzia kingo, yale ya chini kwanza, shina pale linapogusa udongo linakuwa laini lenye maji, ukilivuta linatoka mkononi na lina harufu. Ukiona hivyo chimba shina zima na udongo wake, toa nje ya shamba, usitupe kwenye mbolea, usimwagilie pale wiki nzima, na kagua wapi maji yanasimama. Sehemu hiyo usipande manjano wala tangawizi miaka mitatu. Masika yakikaribia pita na koleo uzibue mifereji pembeni ya matuta kabla, sio mvua ikishaanza kupiga.

Madoa ya kahawia kwenye majani masika ni kawaida, kata yaliyozidi, punguza msongamano hewa ipite. Mmea ukidumaa na mizizi yake ukikuta ina vifundo vifundo, ni minyoo fundo, kwaiyo usianzishe manjano palipokuwa na nyanya au bamia zenye tatizo hilo.

Kuvuna, au kuacha

Mwezi wa saba mpaka wa kumi toka ulipopanda majani yanageuka njano yote kwa pamoja na kulala. Acha kumwagilia wiki mbili tatu. Chimba kwa uma wa shamba, anza mbali na shina, inua shina zima, kung'uta. Shina lililotunzwa linatoa robo mpaka nusu kilo mbichi.

Huna haja ya kuchimba yote. Shina unaloliacha litaamka lenyewe mvua zijazo, na mwaka wa pili linakuwa kichaka kikubwa zaidi, unaweza kumega pembeni kidole kimoja kimoja cha kupikia na kulirudishia udongo. Ila usipitishe miaka miwili bila kulichimbua na kuligawa, yanabanana, ya katikati yanazeeka na hapo kuoza kunaanza.

Kukausha na kusaga

Osha, tenganisha mama na vidole. Chemsha ndani ya siku mbili tatu baada ya kuvuna, maji yafunike, dakika 45 mpaka 60, mpaka njiti ya meno ipite bila kulazimisha na usikie harufu yake imejaa jikoni. Ukitoa mapema yanavunjika vibaya, ukizidisha rangi inafifia. Anika kwenye turubai safi au chekeche iliyoinuliwa, sio lami, sio bati lenye rangi, geuza kila siku, jioni ingiza ndani, siku 10 mpaka 15. Yakiwa tayari ukilivunja linakatika kwa mlio mkavu. Kilo tano mbichi utabaki na kama kilo moja kavu.

Njia ya haraka ya nyumbani ni kukata vipande vyembamba yakiwa mabichi na kuanika kivulini penye upepo siku tatu mpaka tano, inafaa kwa matumizi yako mwenyewe. Kwenye kusaga tafuta mashine ya viungo, ya nafaka utamharibia unga mteja anayekuja nyuma yako. Unga weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga, mana mwanga unaua rangi na nguvu yake.

Kwanini uhangaike wakati unga upo dukani? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba Bangladesh kulikuwa na wasindikaji wanapaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Serikali yao ikaingia kazini na hali ikabadilika sana, ila mzazi akishajua hilo anaelewa thamani ya unga aliouona toka ukiwa shina.

Na kama unalima kwa ajili ya dawa, kiini chake kinaitwa kurkumini, mwili unakipokea kidogo sana chenyewe, pilipili manga na mafuta kidogo vinasaidia kupokelewa. Kwenye mchuzi, urojo, maziwa, kula bila wasiwasi. Ila vijiko vikubwa vya kila siku au vidonge vyake, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za sukari, una mawe kwenye nyongo au una ujauzito, ongea na daktari kwanza, na usiache dozi ya hospitali kwa sababu ya manjano.

Ukitaka kuuza, mabichi unaweza kupeleka kwa wauza juisi na wanaotengeneza skrabu za liwa na manjano bila mlolongo mrefu. Ukifungasha unga wenye lebo unaingia kwenye usajili wa TBS, shirika la viwango, kazi ya chakula na vipodozi ilihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kukufundisha usindikaji na ufungashaji.

Kabla ya kuchemsha chochote, tenga mbegu. Chagua kutoka mashina yaliyozaa vizuri na hayakuugua, yasioshwe, kung'uta udongo tu. Chimba shimo la kina cha mkono mahali penye kivuli pasipoingia maji, tandika mchanga mkavu, panga, funika mchanga, juu weka makuti. Kila baada ya wiki mbili fukua, toa laini lolote, rudishia. Oktoba macho yakianza kuvimba andaa tuta jipya upande wa pili wa mwembe, la mwaka huu liachie mihogo au mikunde.